Swali la Hooyo kwa Daktari wa Macho

Juzi nilipita kando ya dugsi moja mjini Garissa, hizi shule zetu za Kurani, nikasikia harufu ya wino wa makaa uliochanganywa na utomvu wa mti. Nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Wenzangu mlioandika kwenye mbao za dugsi mnaijua harufu hiyo. Kwangu ni harufu ya mwaka ambao macho yangu yalianza kunigeuka.

Tuliishi Balambala, nami nilikuwa darasa la nane. Alfajiri nilisoma dugsi, mchana shuleni, na baada ya Magharibi nilijikunja kando ya taa ndogo ya sola, kitabu kikikaribia kunigusa pua. Siku moja darasani niliinua kichwa nikakuta maandishi ya ubaoni yamekuwa ukungu. Yakarudi, yakapotea tena. Jioni kichwa kiliniuma juu ya nyusi kama kilichofungwa kamba. Sikumwambia mtu, mpaka siku nilipompa salamu ndefu ya heshima korongo aliyesimama kando ya jalala, nikidhani ni abti, mjomba wangu, ambaye kweli alikuwa mrefu na mwenye upara. Ndugu zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Hooyo, mama yangu, hakucheka.

Baba alininunulia miwani sokoni. Mwanzoni niliona kila jani la mgunga, kisha ukungu ukarudi na maumivu yakazidi. Sasa niwaambie jambo moja: ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, alikuwa kipofu. Kope zake ziligeukia ndani zikamkwaruza macho mpaka mwanga ukaisha, na Hooyo ndiye aliyemshika mkono tangu akiwa msichana mdogo. Nyumbani hatukulizungumza. Asubuhi moja Hooyo alinipandisha tu gari la Garissa, tukaenda kliniki ya macho.

Daktari alikuwa mwanamke mpole kutoka bara, asiyejua Kisomali. Kiswahili cha Hooyo nacho kilikuwa cha kununulia sukari. Basi mgonjwa mwenyewe ndiye nikawa mkalimani. Daktari alinipima, akanitia matone yaliyochoma, tukangoja kwenye benchi. Polepole mistari ya kiganja changu ikayeyuka, na mwanga ukawa mkali hata nikajificha ndani ya shungi la Hooyo. Lakini nilipopimwa tena, bila miwani, zile herufi ndogo za chini kabisa ukutani zilisimama wima. Nilizisoma zote.

Daktari akaeleza kwamba ndani ya jicho mna msuli unaokaza tunapotazama karibu. Wangu ulikuwa umekaza ukasahau kulegea, kama ngumi iliyokufa ganzi, na ile miwani ikazidi kuukaza; yale matone ndiyo yaliyoulegeza. Nikatafsiri. Hooyo alitazama sakafu, kisha akasema kwa Kisomali, “Muulize kama utapofuka.”

Sikuwahi kulitamka neno hilo juu yangu.

“Mama anauliza,” nikasema, “kama nitakuwa kipofu.”

“Mwambie hapana. Macho yako ni mazima, yamechoka tu. Yatapona.”

Nilimpa Hooyo jibu hilo neno kwa neno. Hakulipokea. Alimgeukia daktari mwenyewe, akaokoteza Kiswahili chake, p ikimgeukia b. “Daktari. Mtoto habofuki? Kweli?”

“Kweli, mama. Hapofuki.”

Hapo Hooyo alifunika uso kwa shungi, mabega yakamtikisika. Alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, mara nyingi.

Tulirudi na chupa ya matone na agizo kwamba kila baada ya ukurasa niinue macho nitazame mbali. Hooyo akawa askari wa agizo hilo. Nikizama kitabuni alininyang'anya, akanitoa nje nimtajie rangi za mbuzi walio ng'ambo ya mto Tana. Maumivu yakaondoka, ukungu ukaondoka, na mtihani niliufanya vizuri.

Kwa miaka mingi nilimnunia kidogo kwa kutoniamini, maana nilikuwa nimetafsiri sawasawa. Mpaka nilipozaa ndipo nilipomwelewa. Hakunishuku uongo. Alijua tu kwamba mtoto anayempenda mama yake anaweza kulilainisha jibu kabla halijamfikia, na siku ile alihitaji kulisikia kwa mtu asiyekuwa na sababu ya kumbembeleza.