Siku Tuliyochagua Raba na Mama Mkwe

Mke wangu alipokwenda Mwanza kwa mafunzo ya kazini, mama yake alitoka Butiama akaja kukaa nasi hapa Kitaji, Musoma, ili wanangu wawili wasilale na njaa. Mimi ni fundi umeme. Natoka asubuhi, narudi jioni, na upishi wangu unaishia kwenye chai na mayai. Mkubwa alikuwa darasa la sita, mdogo darasa la tatu. Walimfurahia bibi yao kuliko walivyonifurahia mimi, na sikuwalaumu, maana alikuja na karanga, unga wa ulezi na jogoo mzima aliyefungwa miguu.

Kazi ilikuwa kati yangu na yeye. Hatukuwa na ugomvi wowote. Kwao, mama mkwe na mkwe wake hawazoeani. Hampi mkono mume wa binti yake, hakai naye benchi moja, hali naye pamoja, na wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Mimi nimekulia mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, watu wa kila kabila walikuwa wanaingia na kutoka kwetu, na bibi mzaa mama alikuwa anakula sinia moja na baba yangu huku akimsema mbele yetu kwamba anatafuna haraka. Kwa hiyo adabu ya ukweni nilijifunza ukubwani, kama mtu anayejifunza baiskeli akiwa na ndevu.

Nyumba yetu si kubwa. Nilikuwa nakohoa kabla ya kuingia sebuleni kwangu mwenyewe, na yeye akisikia kikohozi anahamia uani. Asubuhi tulisalimiana vizuri, mimi nimeinamisha kichwa, yeye ameangalia ukuta. Mambo mengine yote yalipitia kwa watoto. Wamwambie baba yao chakula kiko tayari. Wamwambie bibi yao nashukuru. Mara nyingi tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa, lakini watoto walisimama katikati wakarudia kila neno, na cheo hicho kiliwapendeza sana.

Siku moja wakaja mbio kutoka shule. Wote wawili walikuwa wamechaguliwa kukimbia kwenye mashindano ya shule za msingi ambayo yangefanyika Bunda. Mkubwa alipangiwa mbio za kuzunguka uwanja, mdogo zile fupi za watoto. Mwalimu wa michezo alisema shule itatoa fulana, lakini kila mzazi amtafutie mwanawe raba na bukta, kwa kuwa uwanja wa kule una changarawe. Viatu walivyokuwa navyo ni vile vyeusi vya shule, na ndala.

Nikasema Jumamosi tutakwenda sokoni kwenye mitumba. Nilidhani ni safari ya wanaume watatu. Jumamosi yenyewe nikamkuta mama mkwe amesimama uani, amejifunga kitenge kizuri, mkoba mkononi. Mjukuu mkubwa akanipa taarifa kwamba bibi anakwenda pia. Nikaita bajaji, wakapanda yeye na watoto, mimi nikafuata nyuma kwa bodaboda ili tusibanane kiti kimoja. Dereva wa bajaji alikuwa akigeuka kunitazama, nafikiri akishangaa kwa nini nalipia vyombo viwili vinavyokwenda mahali pamoja.

Muuza viatu alikuwa kijana mchangamfu aliyetandaza turubai na kupanga raba zake zikiwa zimefuliwa, nyingine bado na maji ndani. Mimi nilikwenda na kanuni yangu ya siku zote: kiatu cha mtoto kiwe kinene soli na kikubwa kuliko mguu, ili kimfae na mwakani. Nikamchagulia mkubwa jozi nyeusi nzito. Mdogo hakungoja kuchaguliwa. Alikuwa ameshakumbatia raba nyekundu zenye taa kisiginoni, zile ambazo mtoto akikanyaga chini zinamulika.

Mama mkwe alichuchumaa upande wa pili wa turubai. Akachukua jozi yangu nyeusi, akaingiza mkono ndani, akaipinda. Haikupindika. Akamwambia mjukuu mkubwa aniambie kwamba kiatu hicho ni kigumu kama kwato. Mkubwa akanigeukia.

“Baba, bibi anasema hiki ni kigumu kidogo.”

Nikajibu kwamba kigumu ndicho kinachodumu. Jibu likapelekwa. Likarudi swali: baba yenu anataka mtoto akimbie au akalime? Mkubwa aliponiletea, swali lilikuwa limekuwa ombi la heshima kwamba nifikirie tena. Muuza viatu alikuwa anatutazama kwa zamu. Mwishowe akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama amekasirika, tumpe maji anywe. Nikamwambia hapana, huyu ni mama mkwe. Akasema, “Aaa,” akarudi kupanga viatu vyake.

Basi ikafika zamu ya mdogo. Bibi yake alishika ile raba ya taa, akaigeuza, akagonga kisigino kwa kidole, akamnong’oneza maneno ambayo sikuyasikia. Mdogo akaja kwangu uso mkavu.

“Baba, bibi anasema zenye taa ndizo nzuri kwa mbio. Anasema zinunuliwe.”

Nikasikia kutoka ng’ambo ya turubai sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa yangu haikuwahi kuniambia neno zaidi ya salamu.

“Mimi sikusema hivyo, baba.”

Alikuwa ameangalia viatu, hakuniangalia mimi, lakini neno lilikuwa limetoka kwake likaja kwangu bila kupita kwa mtu. Mdogo akainama akajifanya anafunga ndala, ambayo haina kamba.

“Nimemwambia ndani ya kisigino kuna kidude kigumu,” akaendelea. “Atakanyaga changarawe, kitamuumiza.”

“Ni kweli, mama,” nikasema. “Na mimi sizitaki.”

“Haya. Na hizo nyeusi?”

“Hizo nazo tuziache.”

Kuanzia hapo tuliongea. Yeye ameelekea kushoto, mimi nimeelekea kulia, kama watu wawili wanaoongea na simu, lakini tuliongea. Akasema kiatu kipindike pale vidole vinapopindika, si katikati. Nikasema basi na ukubwa tuongeze kidogo, wanakua hawa. Akasema mtoto hakimbii mwakani, anakimbia sasa hivi. Kisigino kikitoka nje ya kiatu ataanguka mbele za watu. Tukakubaliana iachwe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, basi. Akafungua mkoba akatoa soksi za watoto alizozikunja tangu nyumbani, maana raba haijaribiwi na mguu mtupu, na mimi sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Huku wakivaa na kuvua, alitusimulia kwamba yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji.

“Tulikuwaga tunakimbia peku,” alisema. “Siku moja mwalimu akaniazima raba zake. Nikakimbia nusu, nikazitupa, nikamaliza na miguu yangu.”

“Ukashinda, bibi?” mkubwa akauliza.

“Nilishindwa. Nilipoteza muda kuzifungua kamba.”

Alicheka, na mimi nikacheka, na muuza viatu naye akacheka kwa kuona mambo yametulia. Akaturuhusu watoto wakimbie mpaka kwenye vibanda vya sufuria na kurudi. Jozi kadhaa zilikataliwa kwa kuwa kisigino kilicheza. Mkubwa akaangukia raba za kijivu, nyepesi, zimeshonwa ubavuni na mtu mwenye mkono mzuri. Mdogo akapata za bluu. Alinuna, machozi yakakaribia, mpaka muuza viatu akazitoa kamba zake nyeupe akamwekea za kijani kibichi zinazong’aa. Njiani kurudi alitembea ameinama akizitazama, nikawa namshika bega asigonge watu.

Bukta zilitupa mabishano mengine, na safari hii nilikuwa kwenye uwanja wangu. Zile za dukani zilikuwa na lastiki iliyolegea, na yule mdogo ni mwembamba. Angeivaa ingeshuka kabla ya filimbi. Mama mkwe alitaka pamba nzito, kwa hoja kwamba pamba ni kitambaa cha heshima. Nikamweleza nilichokiona kwa baba yangu tangu nikiwa mdogo: pamba nzito inakunywa jasho, inalowa, inakuwa nzito, na mshono unamkwangua mtoto mapajani. Nikanunua suruali mbili kubwa za michezo za mtumba, za kitambaa laini kinachokauka upesi, nikasema nitashona mwenyewe.

Cherehani ya baba bado ninayo. Jumapili alasiri niliiweka karibu na dirisha la sebule, nikaipaka mafuta, nikaanza kukata. Sikukohoa, sikukumbuka. Mama mkwe akaja na kiti chake kifupi akakiweka mlangoni, nusu ndani nusu nje, akachambua dagaa kwenye ungo huku akinitazama mikono. Nilipoipima ya mkubwa akaona inaishia juu ya goti, akasema:

“Baba, huyu atakimbia uchi?”

Nikamwonyesha kwamba nitaipasua kidogo pembeni, hivyo hata ikiwa ndefu hatua haitabanwa. Akafikiri. Akasema ishuke kidole kimoja zaidi, ili yeye apate usingizi usiku. Nikaishusha. Kiunoni nikaweka lastiki pana pamoja na kamba ya kufunga kwa ndani, na ya mdogo akaikagua kwa kuivuta mara nyingi akiwa ameivaa mtoto mwenyewe, mpaka mtoto akalalamika. Bukta zikatoka za bluu iliyoiva, na mshono wa pembeni ulinyooka kuliko nilivyotegemea. Alizikunja yeye, akaziweka chini ya godoro lake zinyooke.

Siku ya Bunda watoto walitangulia na basi la shule, sisi tukafuata na basi jingine. Uwanja ulijaa watoto wa Bunda, Butiama na Musoma, kila shule na rangi yake, na vumbi lilikuwa la kutosha wote. Kivuli kilikuwa kimoja tu chenye nafasi, cha ukuta wa darasa, na chini yake benchi moja. Nikasimama. Mama mkwe akakaa mwisho kabisa wa benchi, akaweka mkoba wake katikati, kisha akaupapasa ule mkoba kama anayeonyesha mpaka.

“Kaa, baba,” alisema. “Utaanguka na jua.”

Nikakaa ng’ambo ya mkoba.

Mbio za mdogo zilikuwa za kwanza. Alitoka vizuri, kamba za kijani zikionekana kutoka mbali, na akamaliza akiwa wa pili kutoka mwisho. Aliyeshinda alikuwa mtoto mfupi wa shule nyingine ambaye bukta yake ilikuwa inashuka. Alikimbia njia nzima ameishika kwa mkono wa kushoto na bado akawaacha wote. Mdogo alikuja kwetu akihema, uso una furaha tupu, akatuambia ya kwake haikushuka hata kidogo. Bibi akamwambia ameona, na uwanja mzima umeona.

Mkubwa alianza nyuma ya wenzake. Nilitaka kumpigia kelele aongeze, lakini mama mkwe alisema polepole, kama anaongea na yeye mwenyewe, mwache, mwache, bado. Kwenye kona ya mwisho akaanza kuwapita mmoja mmoja, raba za kijivu hazionekani kwa vumbi, na nikashtukia nimesimama juu ya benchi. Akaingia wa tatu. Wa kwanza alikuwa kijana mrefu wa kutoka upande wa Buhemba aliyekimbia peku, nyayo zake utadhani haziyajui mawe. Mwanangu alikwenda kumpa mkono, wakasimama wanatazama miguu ya kila mmoja na kuongea mambo yao.

“Huyo wa peku,” mama mkwe akasema, “angevaa hizo za kijivu angefika jana.”

Nikasema labda, au labda naye angezivua njiani. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge.

Tulikula palepale. Alikuwa amepika viazi vitamu na samaki wa kukaanga, sato wadogo, akawagawia watoto, kisha akatenga fungu langu kwenye mfuniko wa bakuli akaliweka juu ya mkoba. Hakuniangalia. Nikalichukua nikashukuru, yeye akageukia kwake akala, na tukawa tumekula pamoja kwa kiasi ambacho kwao kinakubalika, au kwa kiasi ambacho yeye alikuwa ameamua kwamba kinakubalika.

Watoto walirudi nasi badala ya basi la shule, wakalala kabla hatujatoka Bunda vizuri, mkubwa ameegemea dirisha, mdogo kwenye mapaja ya bibi yake. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele yangu. Akaniuliza, bila kugeuka, baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, maana alimwona siku ya harusi tu. Nikamwambia. Nilimweleza alivyokuwa anaimba akishona, alivyokuwa anakataa kushona nguo ya mtoto kabla mtoto mwenyewe hajaletwa, na jinsi alivyokuwa mbishi kwa wateja wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha naye akaanza kunieleza habari za mama yake, na bado hakuwa amemaliza tulipoingia Musoma.