Nyuki wa Mwisho wa Nóirín

Mvua imekatika. Nóirín Uí Mhaoláin amepiga magoti kwenye sakafu ya kanisa letu hapa Connemara, Ireland, akigeuzageuza kipande cha kioo cha rangi ya asali. Anakijaribu kando ya kingine. Kinakataa. Anakirudisha kwenye kopo la biskuti bila kununa.

Fundi huyu wa vioo, mwenye miaka 61, yuko kwenye kazi ya kuunganisha vipande hivi tangu Januari, dhoruba ilipovunja dirisha lenye picha ya Mtakatifu Gobnait, mlinzi wa wafuga nyuki, na nyuki wake. Asubuhi ile kila mtu alitamka neno moja: smidiríní.

Ni neno letu la Kiairishi. Smiodar ni kipande cha kitu kilichovunjika. Smidiríní ni vijipande vyake, vidogo hata huna pa kuanzia kuviokota. Waingereza wamelipenda, wanasema smithereens, ingawa wataalamu wangali wanabishana nani alimkopa mwenzake. Kote kote maana yake ni kwamba basi, mambo yamekwisha.

"Kwangu ndiyo kazi inaanza," anasema Nóirín.

Watu walimletea vioo kwenye masufuria na soksi, vingine wamevichokoa kwenye makaburi ya nje ya kanisa. Lakini padri ametoa neno: likibaki pengo hadi Jumapili, dirisha zima litawekwa kioo kitupu kisicho na picha. Dirisha hilo lilitengenezwa na marehemu baba yake Nóirín. Binti amebakiza nyuki mmoja tu wa kioo kumpata.

Jirani yake mfuga kondoo, Cóil Pheadair, amemtania tangu siku ya kwanza. "We Nóirín, hata mayai ukishayakaanga utayarudisha kwenye maganda?"

Leo Cóil anaingia kofia mkononi, ananuka kondoo. Anafungua kiganja. Nyuki.

Anaeleza kwamba alikuwa akimkata sufu kondoo wake mzee, mkasi ukagonga kitu kigumu. Kondoo huyo alijibanza nyuma ya kanisa usiku wa dhoruba, kisha akazunguka mlimani na kioo mgongoni hadi leo, Juni.

"Mimi nakucheka, kumbe kondoo wangu anakutunzia," anasema.

Nóirín anampokea nyuki kwa mikono miwili. Anamweka kwenye pengo. Anaingia sawasawa.

Uzi mmoja wa sufu umenasa kwenye ubawa. Cóil ananyoosha kidole autoe.

"Uache," Nóirín anamwambia. "Jumapili nampandisha dirishani nao."