Kosa la Mwaitu

Serikali ilipofunga kaunti tano kwa sababu ya korona mwezi wa tatu mwaka wa 2021, Syombua wa Mumbuni alibaki Machakos, mama yake akabaki Kitui, na katikati wakasimama polisi. Kumpigia Mwaitu simu, hivyo ndivyo alivyomwita mama yake, ilikuwa kazi bure. Masikio ya mzee huyo yalikuwa yameziba miaka mingi. Na alikuwa na pumu, na korona ilikuwa ikibeba wazee kama kuku wa mdondo. Syombua hakulala vizuri hata siku moja.

Sasa angejuaje kama yuko mzima? Kwa kiondo.

Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Kilonzo, dereva wa lori la ndengu, alikipeleka kiondo nyumbani kwao Kwa Vonza kila Jumatano, akakirudisha kila Jumamosi. Huku Syombua anasuka mizunguko minne, kule Mwaitu anasuka minne. Lakini wewe usifikiri walikuwa wanasuka tu! Walikuwa wanacheza. Kila mmoja aliruka uzi mmoja makusudi, mahali pa siri, na mwenzake lazima alitafute kosa hilo kwa vidole kabla ya kuongeza lake. Ndivyo Mwaitu alivyomfundisha kusuka akiwa mtoto, na asiyeliona kosa ndiye aliyeenda kuchota maji. Nthenya, mdogo wake aliyeishi na mama, hakuwa na muda wa kujifunza upuuzi huo. Yeye alisuka viondo vya kuuza, na kwenye simu jibu lake lilikuwa moja tu: mama yuko sawa.

Jumamosi ya kwanza Syombua alilipata kosa karibu na kitako, akacheka peke yake jikoni. Ya pili alilipata chini ya mshono mweusi. Mwaitu yuko, mjanja vile vile.

Jumamosi ya tatu alitafuta mpaka chai ikapoa. Alikigeuza ndani nje, akapapasa uzi kwa uzi. Hakuna. Woi, roho ilimruka! Halafu akajidanganya, kama tunavyojidanganya sote tukiogopa.

"Mwambie Mwaitu amenishinda," alimwambia Kilonzo Jumatano, akimpa kiondo bila kuongeza mizunguko yake. "Anionyeshe amelificha wapi."

Kilonzo aliangalia usukani. "Nitasema, mama," akajibu, akaondoa lori haraka.

Jumamosi ya nne kiondo kilirudi na mizunguko minne mipya, imekazwa vizuri, imenyooka kabisa. Syombua alipapasa mara moja tu. Akachukua simu, akampigia Nthenya.

"Mama yuko wapi?"

"Si amelala tu, dada. Leo kuna joto."

"Nthenya. Mwaitu yuko wapi?"

Nthenya akaangua kilio.

"Tulimzika Alhamisi ya wiki iliyopita. Ni kifua. Serikali ilitupatia siku moja ya kuzika, na watu wachache tu. Mjomba Musau akasema tusikwambie, utang'ang'ana kupita kwa polisi na utashikwa. Akasema tungoje barabara zifunguliwe."

Siku tisa. Siku tisa Syombua alikuwa akitabasamu na kiondo mapajani, akimtumia marehemu salamu za utani. Alikasirika, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia, maana hata mjomba hakusema uongo. Angeng'ang'ana kweli.

"Dada," Nthenya akauliza huku akipenga kamasi, "ulijuaje? Nilisuka pole pole, kama yeye. Nilifumua mara tatu ndio nisikosee. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea," Syombua akasema. "Hukukosea mahali popote."

Akakata simu. Wiki moja baadaye barabara zilifunguliwa, na majirani wa Mumbuni wakaanza kufunga mizigo kwenda kuona watu wao. Syombua aliketi mlangoni akifumua mizunguko minane ya Nthenya, kisha minne yake mwenyewe, uzi kwa uzi, mpaka akaufikia mkono wa Mwaitu. Akapapasa chini ya mshono mweusi. Kosa lilikuwa pale pale alipoliacha, na zamu ya kusuka ilikuwa yake.