Kikapu Kisichorudi Kitupu

Kikapu kilikaa juu ya kabati la vyombo karibu kiangazi chote, na mimi nilikuwa nakitazama kama unavyomtazama mgeni ambaye haagi. Kilikuwa kizuri, hilo siwezi kukataa. Kilikuwa kipana chini, kina mfuniko uliochongoka kama paa la msonge, na michirizi ya zambarau iliyopanda ikizunguka mpaka kwenye ncha. Mchana jua likiingia kwa mlango wa nyuma, ile michirizi ilionekana kama inazunguka yenyewe, polepole, kama moshi siku isiyo na upepo. Nikiitazama sana usingizi unanijia. Halafu nakumbuka kilikuja kufanya nini, nakasirika upya.

Aliyekileta ni mama mkwe. Anakaa kule makazi, nje ya mji wa Mpanda, kwa watu waliotoka Burundi. Yeye alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake. Mume wangu alizaliwa hapahapa. Mimi ni Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, nimekulia kwenye mpunga. Kwetu mtu akikuletea maharage unasema asante, unayachagua mawe, unapika. Ndivyo nilivyofanya. Mama mkwe alifika asubuhi na bodaboda, akanywa chai, akampakata binti yangu, akaondoka. Kikapu akakiacha mezani kimejaa maharage ya njano. Niliyaunga kwa kitunguu na karanga. Yalikuwa matamu mpaka binti yangu, ambaye ana miaka mitatu na anakataa kila kitu, aliomba tena.

Mume wangu alipiga simu akiwa Inyonga, anakoendesha lori la tumbaku.

"Mama alifika?"

"Alifika. Kaleta maharage."

"Kwenye kikapu?"

"Kwenye kikapu. Ulitaka alete kwenye kofia?"

"Mmeyafanyaje?"

"Tumekula."

Nikasikia watu wa huko wanapakia marobota, mmoja anacheka.

"Mmekula yote?"

"Ulitaka tukubakizie?"

"Basi mama mtoto, umekubali."

"Nimekubali nini?"

Ndipo akanieleza. Kwenye nyumba yao, bibi akitaka kumlea mjukuu wa kwanza hasemi. Anasubiri mtoto aache kunyonya, anasuka kikapu, anakijaza kitu cha kula, anakipeleka. Ukila umekubali. Kikapu kinarudi na nguo za mtoto ndani, zimekunjwa, na mtoto anakifuata. Kama hutaki, unakirudisha siku ileile na chakula chake hakijaguswa. Ukishakula huwezi tena kukirudisha kitupu. Kitupu ni tusi, na tusi hilo halisahauliki.

"Ulijua wakati analeta?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani na wewe unajua."

"Ningejulia wapi? Shuleni nimefundishwa fotosinthesisi. Maharage ya kununulia mtoto hayakuwemo kwenye silabasi."

Nikakata simu. Wote mlioolewa mnajua ile hasira ambayo haina mlango wa kutokea. Unafagia, inafagia na wewe. Unaosha vyombo, sufuria zinapata taabu. Mama mkwe siwezi kumpigia simu nikamfokea, ni mama. Mume yuko Inyonga, amezima simu kwa hekima. Na mtoto mwenyewe, ambaye ndiye anayetakiwa, amelala kwenye mkeka mdomo wazi, mkono mmoja umeshika pindo la kitenge changu. Mchana ule Mpanda ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Treni ya Kaliua ilipiga honi mbali, na yeye akavuta pumzi usingizini kana kwamba kaitwa. Nilijaribu kuuona mkeka bila yeye. Niliuona. Ulikuwa mkubwa, ulikuwa hauishi, ulitoka nje ya mlango ukaenda mpaka relini.

Jirani yangu, tunayechangia naye ukuta, anafuma vitambaa vya makochi. Alichoka kusikia sufuria.

"Shosti, utapasuka. Shika kitu mkononi, hata uzi."

"Uzi utanirudishia mtoto?"

"Mtoto hajaenda popote. Shika uzi."

Nikashika. Akanifundisha kuanza duara, kuzunguka, kuongeza. Kitambaa chake kilikaa mezani kama ua lililofunguka. Changu kilianza kujikunja pembeni, kikainuka, kikawa bakuli. Nikafumua, nikarudia, kikawa bakuli dogo zaidi.

"Hii kofia unamfumia nani?" akaniuliza.

"Ni kitambaa."

"Cha meza yenye kichwa?"

Binti yangu akakichukua akakivaa, na kweli kilimtosha. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema tatizo ni mkono, navuta uzi kama nafunga mbuzi. Eti nilegeze. Nani alegeze? Nilijaribu kudarizi shuka. Maua yakakunja uso, shuka likapata makunyanzi kama la mgonjwa. Nilijaribu ushanga, kamba ikakatika, shanga zikaingia kwenye nyufa za sakafu, na mpaka leo nikifagia naokota ya bluu. Watu wanaongelea kazi ya mikono kama dawa ya tumbo, unakunywa unatulia. Mimi kila nilichoshika kilinionyesha vile nilivyo.

Sasa mbuzi.

Nilikuwa nimekitoa kikapu nje kipigwe jua, maana niliona kinaanza kuwa na harufu ya chumba. Mfuniko nikauweka kwenye kigoda. Nilikuwa ndani nasonga ugali, mwanangu akaja mlangoni ametulia kabisa, akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za redio.

"Mama, mbuzi amekula nyumba ya bibi."

Nikatoka na mwiko. Mbuzi wa jirani alikuwa anatafuna akiwa amefumba macho, ameshamaliza ncha yote na nusu ya michirizi. Nilimkimbiza mpaka barabarani. Niliporudi nilikaa chini kwenye vumbi na kile kipande kilichobaki mapajani. Kukirudisha kitupu ni tusi. Kukirudisha kikiwa hakina kichwa, sijui kunaitwaje. Na jioni ileile mume wangu akatuma ujumbe: mama anasema mvua ya kwanza ikinyesha atakuja mwenyewe kumchukua mjukuu, nisisumbuke na nauli.

Hakuna aliyenifundisha kusuka. Ulinifundisha mfuniko ulioliwa. Niliushika ukingoni, upande ambao mbuzi hakufika, nikaanza kuufumua mzunguko kwa mzunguko, nikitazama ulivyofungwa. Ndani kuna bunda jembamba la nyasi, refu, linazunguka kama konokono. Juu yake umezungushwa ukindu uliochanwa mwembamba na kulowekwa, na kila unapozunguka unapenyezwa kwenye tundu la mzunguko wa chini, unashikwa, unavutwa. Basi. Nyasi, ukindu, tundu, kuvuta. Nilivyokuwa nafumua nilikuwa naona mikono ya yule mama inarudi nyuma, kutoka ukingoni kwenda katikati, mpaka tungefika mwanzoni kabisa, ila mwanzo ulikuwa tumboni kwa mbuzi.

Nyasi nilikata bondeni karibu na reli. Ukindu nilipata sokoni kwa mama mmoja anayeuza mikeka. Fundi baiskeli alininolea spoki ya kutobolea. Nikaloweka, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikavuta.

Ikakubali. Kwenye uzi mkono wangu ulikuwa adui. Hapa nyasi zilikuwa zinautaka. Nikivuta, mzunguko unalia kidogo, kama kiatu kipya, halafu unakaa. Nilivuta kwa ajili ya maharage. Nilivuta kwa ajili ya mtu aliyezima simu Inyonga. Mchana ulikuwa unapita juu ya bati bila kuniita. Kuna wakati nilikuwa sijui kama nasuka au naota nasuka. Naona duara linakua mapajani kama mwezi unaojaa, na mwanangu pembeni analoweka vidole kwenye maji ya ukindu, anaimba wimbo ambao hauna maneno. Hasira haikuisha, nisidanganye. Ilipata pa kukaa.

Ila mfuniko wangu ulikuwa mdogo. Nimevuta sana, ukajifunga kabla ya kutanuka, na nilipouweka juu ya kikapu ukatumbukia ndani, tup. Nikasuka mwingine nikijilazimisha kulegeza. Ule ulikuwa mbaya, kila mzunguko una mwanya, unaona mchana upande wa pili. Nikaufumua. Nikarudi kuvuta, ukatumbukia tena.

Mawingu yakaanza kukaa upande wa Ziwa Rukwa, meusi, hayaji wala hayaondoki. Upepo ulikuwa na harufu ya ardhi ya mahali pengine. Nilikunja nguo za mwanangu, nikazikunjua. Gauni la njano, suruali ya kulalia, lile sweta la mkono mmoja uliolegea. Nikaziweka ndani ya kikapu kuona zitakavyokaa. Zikakaa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Nikazitoa.

Mwanangu alikuwa anautazama ule mfuniko mdogo. Akaugeuza, ncha chini, mdomo juu. Akaulaza ndani ya kikapu kikubwa, akafunika na kitambaa kile cha jirani, kile kinachoitwa kofia.

"Amelala," akasema.

"Nani?"

"Mtoto wa kikapu. Usimwamshe."

Nikamtazama. Nikakitazama kikapu. Kisha nikatafuta nyasi tena, nikausukia ule mfuniko mdogo kitako bapa, nikaumalizia mdomo wake, ukawa kikapu kidogo. Nilipomaliza kilikuwa kinasimama chenyewe.

Tulikwenda kabla ya mvua. Bodaboda, mtoto katikati, kikapu mapajani kwangu. Kwenye njia ya makazi wakati ule miyombo inatoa majani mapya, na hayatoki kijani, yanatoka mekundu, msitu mzima, kama jua limezama na kusahau kuondoka. Mwanangu alilala amesimamisha shingo.

Mama mkwe alikuwa uani, amenyoosha miguu, anasuka. Hakuinuka. Alimpokea mjukuu mapajani, akaniangalia mimi, akaangalia kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa cha uzi.

"Mkamwana. Mfuniko uko wapi?"

"Umeliwa na mbuzi, mama."

"Wako?"

"Wa jirani."

"Na nguo za mtoto?"

"Amezivaa."

Mikono yake ikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yenye adabu, yote yakayeyuka. Nikasema tu: "Maharage nilikula kwa kutojua. Mngeniambia ningewarudishia siku ileile. Mtoto simtoi, mama. Lakini kikapu sijakirudisha kitupu."

Akaondoa kitambaa. Akatoa kile kidogo, akakigeuza juani, akakinusa. Kisha akamwita bibi mmoja jirani amletee ulezi. Ulezi ni punje ndogo kuliko mchanga wa barabarani. Akatandika kitenge cheusi chini, akakijaza kikapu changu, akakiinua juu ya kitenge, akakitikisa. Akatikisa kama mtu aliyetukanwa. Nilikuwa siangalii mikono yake, naangalia kitenge. Kilibaki cheusi.

"Nani kakufundisha?"

"Mfuniko wenu."

"Unavuta sana," akasema. "Mimi nilichapwa na mama yangu mpaka nijue kuvuta hivi. Wewe umechapwa na nani?"

"Na nyie."

Yule bibi jirani akaziba mdomo kwa upande wa kitenge. Mama mkwe hakucheka, ila mashavu yake yalifanya kazi kuzuia.

"Hapa mvua ikianza," akasema baadaye, bila kuniangalia, "bati linapiga kelele siku nzima. Na ndani hakuna mtu wa kumwambia funga mlango."

Hilo nililielewa. Niliukumbuka mkeka uliofika mpaka relini. Nikachukua ukindu wake uliolowekwa, nikaanza kuuchana, maana mikono ilitaka pa kwenda. Alinionyesha jinsi mfuniko unavyotanuliwa: hulegezi mkono, unaongeza tundu. Mawili pale ulipoweka moja. Kitu kidogo hivyo.

Jioni akamwaga ulezi, akakijaza kikapu kidogo karanga za kukaanga na maganda yake. Hakunipa mimi. Alimpa mwanangu, akamfunga vidole kwenye ukingo.

"Hiki ni chako. Utakwenda nacho kwa mama yako, utakuja nacho kwangu. Umenisikia? Shule zikifungwa na zikifunguliwa."

"Hajaanza shule," nikasema.

"Ataanza. Na kisije kitupu."

"Ego," mwanangu akajibu ndiyo kwa Kirundi. Sijui alikitoa wapi. Labda pale pale mapajani.

Kikapu kikubwa alibaki nacho, hakina kichwa. Alisema mfuniko wake nitausuka mimi, na nitaupeleka mwenyewe, si kwa kutuma mtu.

Mvua ilitukuta njiani, matone makubwa machache, vumbi likatoa harufu yake. Binti yangu alikaa mbele yangu amekumbatia kikapu chake, anamenya karanga moja moja, anakula, anatupa ganda kwenye ule msitu mwekundu. Nilimwacha. Tulipoingia mjini taa za dukani zilikuwa zinawaka, akainamia ndani, akaniinulia kikapu nione. Hakikuwa na hata punje. Nikaanza kuwaza tutakijaza nini.