Mtoto Aliyesahau Kupumua

Nilioka mikate katika hoteli moja ya Diani mpaka nilipostaafu, na kazi ile ilinifundisha kwamba joto hutoka kwenye moto, basi. Ukitaka mkate uive, washa tanuri. Kwa hiyo mjukuu wangu alipozaliwa kabla ya miezi kutimia, mwekundu, mdogo kiasi kwamba niliogopa hata kumtazama kwa muda mrefu, nilichomtakia ni mashine. Nilikwisha kusikia kwamba hospitali kuna masanduku ya kioo yenye joto la umeme, na watoto wa aina yake hulazwa humo. Astaghfirullah, mtoto si mkate, lakini kila mtu hufikiri kwa kazi aliyoizoea.

Muuguzi alinipa shikamoo kwanza, kisha akanieleza kwamba mashine zilizopo zina watoto walio taabani zaidi. Huyu wetu alikuwa anapumua mwenyewe, kwa hiyo angelelewa kifuani, ngozi kwa ngozi. Nikauliza kifuani kwa nani. Mkwe wangu, mama wa mtoto, alikuwa amepasuliwa na presha ilikuwa imekataa kushuka. Hakuwa akijua kumekucha au kumekuchwa. Mwanangu yuko Qatar, anaendesha lori. Mke wangu alikuwa haondoki kando ya kitanda cha mkwe. Muuguzi akabaki ananitazama mimi.

Nilipandwa na hasira. Niliona wazi kwamba tumenyimwa mashine kwa kuwa hatuna mkubwa wa kutupigia simu, na sasa tunapewa maneno matamu ili tunyamaze. Nikamwambia binti yule kifua changu kimejaa mvi na kimekaa na moshi wa tanuri miaka mingi, hakifai kulea hata kifaranga. Hakubishana nami. Alinieleza kwamba hospitali za pwani hii, pamoja na za majirani zetu wa Tanga ng'ambo ya mpaka, zilipatana kufundishana: anayegundua jambo linalowafaa wagonjwa asilikalie, awaite wenzake waje walione. Yeye mwenyewe alitumwa Tanga, akakaa huko akijifunza, na aliwaona kwa macho yake watoto wadogo kuliko huyu wakitoka wazima.

"Baba, mtoto huyu bado hajajua kupumua sawasawa," akasema. "Anapumua, halafu anasahau. Akilala kifuani pako, kifua chako kitamkumbusha."

 Nilivua shati.

Sasa, kwetu mwanamume haketi wodi ya wazazi, seuze baba mkwe, tena kifua wazi. Walinivutia pazia pembeni, wakanipa kiti cha plastiki, nami nikainamisha uso kama bwana harusi. Mke wangu akaja mbio na leso mpya, yaani kanga, iliyofukizwa udi, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mjukuu huyu huyu. Kwetu mtoto mchanga hupokewa kwa leso, na hakuna mtu mwenye adabu zake atakayemlaza kwenye jasho la mzee. Akaitandika vizuri kifuani pangu, muuguzi mwanafunzi akamleta mtoto, akalazwa juu yake. Mke wangu akaniambia nimtunze mke mwenzake, maana huo ndio utani wetu kwa wajukuu wa kike, kisha akarudi mbio kwa mkwe.

Nilikaa bila kujitikisa kama mtu aliyebebeshwa yai. Baada ya kitambo nikagusa nyayo zake. Zilikuwa zimepoa. Nikatazama mgongo wake, ambao ulikuwa ukipanda na kushuka harakaharaka, na mgongo ule ukatulia. Nikangoja upande tena. Haukupanda.

Sauti niliyomwitia muuguzi siijui ilitoka wapi. Alifika, akamsugua unyayo kwa kidole gumba, mtoto akashtuka, akavuta pumzi. Hapo ndipo binti yule alipomwinua na kuiona leso. Nilidhani nitagombezwa. Akatabasamu kidogo tu, akasema wanaofundisha malezi haya Tanga walikuta shuka, kwingine walikuta fulana ya baba, na hapa kwetu ni leso. Kila walikokwenda walikuta heshima imeweka kitambaa katikati. Akaiondoa. Akamlaza mtoto kwenye ngozi yangu, sikio lake kwenye moyo wangu, kisha akaichukua leso ileile akatufunga nayo kwa nje, sote wawili, fundo begani kama wafungavyo wanawake wa huku wakibeba watoto.

Nikasubiri. Nilikuwa bado na wasiwasi, wala sikumwamini kikamilifu. Lakini nyayo zile zilizokuwa baridi zikaanza kupata uvuguvugu. Hakukuwa na mkaa wala umeme. Muuguzi alipompima joto akanionyesha kipimo, nami sikuwa na haja ya kukisoma, kwa sababu nilikuwa nikilihisi joto lenyewe, langu na lake, silijui mpaka wake. Miaka yote ile nilisimama mbele ya matanuri ya watu kumbe nami nilikuwa nalo.

Kisha akasahau tena. Mgongo ukatulia, na mimi kwa woga nikabana pumzi yangu. Nikakumbuka nilivyoambiwa. Nikavuta hewa taratibu, kifua kikajaa, kikamwinua, na juu ya kifua changu yule kiumbe akavuta yake. Subhanallah. Nimeona bahari ikichafuka, nimezika wazazi wangu, lakini sijapata kuona jambo kubwa kama lile. Nililia bila kujificha, na machozi yakamdondokea kichwani.

Nikawa mtu wa kiti kile. Siku moja wakaja wauguzi wa zahanati za Lunga Lunga na Wasini, na pamoja nao wageni kutoka Tanga, walimu wa muuguzi wetu. Kwao walikuwa wakitumia kitambaa cha kushonesha, ambacho akina mama wengine hawakukipata, wengine walikisahau nyumbani. Walipoiona leso, kila mmoja alitaka kulijua lile fundo. Wakalifunga na kulifungua mbele yangu, mmoja akasema atarudi nalo. Mke wangu akawaambia wageni kwamba tangu aolewe hajapata kulazwa kifuani pale kwa mapenzi namna ile. Walicheka mpaka tukaambiwa tupunguze sauti.

Mkwe alipopata nafuu na kuweza kuketi, nilimpitishia mtoto wake nyuma ya pazia, kwa mikono ya mke wangu. Nikavaa shati. Nilihisi baridi, na ilikuwa mchana wa jua kali.

Mwaka huu, mjukuu akiwa amekwisha anza kutambaa na kuniharibia redio, muuguzi yule alinipigia simu. Kulikuwa na mzazi kwenye zahanati upande wa Taru, anavuja damu, wanamshughulikia huku wakingoja gari la wagonjwa. Mtoto ni mdogo mno, mashine hakuna, na baba yake, mfanyabiashara wa mbuzi, amekataa kuvua shati. Anaona anafanyiwa mzaha. Muuguzi akaniomba nizungumze naye, akaniunganisha na simu ya zahanati ile.

Yule bwana alikuja kwenye simu kwa ukali, na nikaujua ukali ule. Nilimweleza mimi ni nani na nilikaa kiti gani. Nikamwambia asiweke kitu katikati, hata kitambaa cha heshima. Akaniuliza kwa sauti iliyokwisha shuka:

"Na akisahau kupumua, mzee?"

"Mwite muuguzi," nikamwambia. "Na wewe usisahau. Vuta pumzi, atakufuata."

 Nilisikia nguo zikivuliwa, watu wakisogea. Kisha nikasikia pumzi ndefu ya mwanamume, na nyingine, na sauti ya muuguzi wa kule ikimwambia aendelee, mtoto anafuata.