Nyumba Saba Kabla ya Barabara

Nakumbuka siku niliyoshinda juu ya mti, nimevaa bukta na raba moja, na chini yangu nyati anatafuna majani kwa raha zake. Usicheke kwanza, mwanangu. Umeniuliza mkimbiaji apange chumba wapi huku kwetu Karatu, nami siwezi kukujibu bila kupanda tena mti ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nakaa kijijini kwetu Buger, hapahapa Karatu, na mbio nilikuwa nazo kweli. Nilikuwa nimeitwa Arusha kwenye mchujo wa timu ya mkoa. Sikumwambia mtu, nikiogopa kuchekwa nikishindwa. Shida yangu ilikuwa salamu. Kutoka mlangoni kwetu hadi barabara kubwa kulikuwa na nyumba saba, na kila nyumba ilikuwa na mzee anayeamka mapema kuliko kuku. Kwetu mzee hapitwi hivihivi, na shikamoo ni mwanzo tu. Utaulizwa mama ameamkaje, ng'ombe amezaa, maharage yametoa maua? Mzee Tluway wa nyumba ya kwanza akimaliza ng'ombe alianza mbuzi. Nikifika barabarani jua limeshapanda, na mimi nimepoa.

Siku moja nikasalimia huku nakimbia. Jioni mzee Tluway akaja kwa mama.

"Huyu kijana wako anatutupia shikamoo kama anavyotupia kuku mahindi," akasema. "Tumemkosea nini?"

Mama aliona aibu, mimi nikapandwa na hasira. Wiki hiyohiyo nikahama.

Nikapata kibanda juu kabisa, pembeni mwa msitu wa Ngorongoro. Mwenyewe alikuwa amekihama, akaniambia tu kwamba kumetulia. Sikumuuliza kwa nini basi alihama. Ujana bwana! Vilima vizuri, hewa safi, na hakuna jirani hata mmoja wa kuniuliza habari za mbuzi. Siku tatu nilikimbia kama mfalme.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya safari, na basi la Arusha lilikuwa linaondoka saa nne asubuhi. Nikatoka mapema kunyoosha miguu kidogo, na kwenye kona nikakutana na nyati. Mwanangu, mbio nzuri kuliko zote maishani mwangu nilizikimbia pale, na hakuna aliyenipimia muda. Raba moja ikabaki njiani. Nikapiga kelele juu ya mti mpaka sauti ikakauka, hakuja mtu. Saa nne ikafika, ikapita. Sikufichi, nililia. Nyati aliondoka alasiri, bila haraka yoyote.

Kesho yake nikafungasha, nikarudi Buger. Mzee Tluway alikuwa amesimama kwenye uzio wake.

"Siku ya kwanza hukupita, nikadhani una homa," akasema. "Ya pili nikaenda kwa mama yako. Akaniambia umehama, nikajua ni sisi."

Nikamweleza yote, mchujo, mti na nyati. Alicheka mpaka akashika uzio, kisha akaniangalia kwa huzuni.

"Sasa mbona hukusema? Sisi tulijua unakimbia tu. Asubuhi wewe pita zako. Salamu tutapeana ukirudi."

Hilo tu, mwanangu! Nilihama kijiji, nikaikosa Arusha, kwa jambo la kusema mara moja. Mwaka uliofuata nilikwenda mchujo. Wakachukua watatu, mimi nikawa wa nne. Niliumia sana, lakini siku niliyorudi nyumba zote saba zilikuwa na uji unanisubiri, na nilikunywa wote.

Kwa hiyo usianze na kutafuta vilima, Karatu viko kila upande. Tafuta mahali ambapo usiporudi kuna mtu atauliza uko wapi, halafu mwambie mtu huyo unakimbilia nini. Chumba changu cha uani kiko wazi. Mungu akupe pumzi ndefu na magoti mazima, akuepushe na nyati, na akuingize kwenye timu ya mkoa ambayo mimi sikuipata. Asubuhi pita bila kunisalimia, nimekuruhusu. Ukirudi utanikuta kwenye uzio, na nina maswali mengi kuhusu mbuzi wa mama yako.