Tone la Oili Kiganjani

Muuzaji hapa Lodwar amefungua kopo la oili, na harufu yake imenirudisha Kakuma, kwenye gereji ya fundi mmoja Mkongo, gari kuukuu la baba likiwa na boneti wazi.

Fundi aliweka oili mbili juu ya pipa. Baba akashika ile nyepesi ya bei ghali, iliyong'aa kama chai ya rangi. Mama alizoea kupima samli sokoni. Alidondosha tone la oili tofauti kwenye kila kiganja chake, akainua mikono juani. Ile nyepesi ilimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Ile nzito ikatambaa polepole, ikakwama kwenye bangili.

"Hiyo yako ni maji," akamwambia baba. "Gari mzee, na jua hii yetu, inataka mafuta ya kushika chuma."

Fundi akapiga makofi. "Mama, uko fundi kweli!"

Siku hiyo baba alimfungulia mama mlango wa mbele kwa mkono wake mwenyewe. Mimi niliketi nyuma, kidevu juu kama mtoto wa chifu.

Sasa muuzaji ananiuliza nataka oili namba ngapi, nyepesi au nzito. Namnyooshea kiganja.